Changarawe, Joto na Ladha ya Zao: Somo la Mizabibu kwa Wakulima wa Kahawa wa Ngara na Biharamulo

(Hotuba kwa wajumbe wa vyama vya msingi)



Kila msimu wa ununuzi unapofunguliwa, swali moja husikika katika maghala ya vyama: kwa nini magunia mawili yenye uzito sawa, yaliyotoka katika wilaya moja, yapate bei mbalimbali mnadani? Mkulima aliyeshuka mlimani na gunia lake huona kwamba kilo ni kilo. Mnunuzi haoni hivyo. Yeye hupima kilo, lakini hulipia ladha; na ladha haitiwi ghalani wala kiwandani. Huanzia katika udongo, huendelezwa na jua na mvua, hukamilishwa au huharibiwa na mkono wa mvunaji. Chama kinachojua kupima uzito peke yake kimejua nusu ya biashara yake.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, yafaa kulitazama kwanza katika zao jingine, ambalo wenyewe wamelichunguza kwa karne nyingi kuliko kahawa. Zao hilo ni mzabibu, na kinywaji chake ni mvinyo, ambao makanisani huitwa divai. Baada ya hapo itakuwa rahisi kurudi Bugufi, Rulenge, Nyakahura na kwingineko, na kuuliza ardhi ya huku inasema nini.

Nchi ya Bordeaux

Kusini-magharibi mwa Ufaransa upo mji wa Bordeaux, karibu na pwani ya Bahari ya Atlantiki. Mto Garonne hupita mjini hapo, na mbele kidogo huungana na mto Dordogne, kisha yote miwili huingia baharini kwa mlango mpana uitwao Gironde. Upande wa kushoto wa maji hayo iko nchi ya Médoc, na kusini yake iko nchi iitwayo Graves. Jina hilo la pili halina siri yoyote: maana yake ni changarawe. Wenyeji waliipa nchi yao jina la udongo wake.

Changarawe hiyo ililetwa na mito zamani sana, kabla ya mtu yeyote kulima huko. Maji yaliyoshuka kutoka milima ya Pyrenees na nyanda nyingine za juu yalibeba mawe, yakayaviringisha, yakayalainisha na kuyalundika kandokando. Vilima vilivyotokea ni vifupi mno kwa macho ya mtu wa Ngara, kwa kuwa katika Médoc hakuna kinachofika mita 50 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, vilima hivyo vidogo ndivyo vilivyoipatia nchi hiyo utajiri. Katika karne ya 17 mafundi kutoka Uholanzi walichimba mifereji na kukausha vinamasi vya Médoc, na changarawe iliyokuwa imezungukwa na maji ikawa ardhi ya mizabibu.

Mtu aliyezoea kusifu udongo mweusi wenye rutuba atashangaa. Ardhi ya mawe, isiyoweza kukuza ngano kwa faida, yawezaje kutoa zao la bei kubwa? Jibu limo katika kazi tatu zinazofanywa na changarawe.

Kazi ya kwanza ni kupitisha maji. Bordeaux hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha karibu miezi yote, hata wakati wa mavuno. Katika udongo mfinyanzi mvua hiyo hukaa mizizini. Mzabibu hunywa kupita kiasi, zabibu huvimba, na utamu wake huchujuka. Katika changarawe maji hushuka upesi. Mzizi hulazimika kuyafuata chini, mara nyingine kwa mita kadhaa, na mmea huishi kwa kiasi, haushibi wala haufi kwa kiu. Punje hubaki ndogo, na ganda lake ni nene kwa kulinganishwa na maji yaliyomo. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka gandani, wala si katika maji ya tunda.

Kazi ya pili ni kutunza joto. Jua la mchana hupasha mawe, na mawe huchelewa kupoa baada ya jua kuzama. Udongo uliojaa maji hauna sifa hiyo. Huchelewa kupata joto kama chungu kilichojaa maji kinavyochelewa kuchemka.

Kazi ya tatu ni kuuzuia mzabibu usivimbe kwa majani. Udongo wenye rutuba nyingi huufanya mmea ujijengee matawi na kusahau matunda. Udongo maskini huushurutisha utunze matunda machache.

Katika karne ya 20 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Bordeaux, Gérard Seguin, aliichunguza ardhi hiyo kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba siri ya mashamba mashuhuri haikuwa madini fulani yanayopanda kutoka katika jiwe na kuingia katika kikombe. Siri kubwa ilikuwa jinsi udongo unavyoupa mmea maji: kidogo kidogo, kwa mpango, bila mafuriko na bila ukame mkali. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa maana wapo wanaodhani kwamba jiwe lina uchawi. Jiwe halina uchawi wowote. Lina kazi.

Ng'ambo ya pili ya maji, katika Saint-Émilion na Pomerol, udongo mwingi ni mfinyanzi na chokaa. Udongo huo ni wa baridi zaidi. Wakulima wa huko hawakushindana na ardhi yao. Katika changarawe ya kushoto hutawala aina iitwayo Cabernet Sauvignon, inayochelewa kuiva na inayohitaji joto la mawe. Katika mfinyanzi wa kulia hutawala Merlot, inayowahi kuiva. Kila ardhi ilipewa mmea unaoiweza, na pande zote mbili zina mvinyo unaosifiwa.

Joto na kuiva

Joto lenyewe hufanya nini ndani ya tunda? Wazee wa Kagera wanaopika rubisi wanalijua jibu bila kitabu. Ndizi mbichi haitoi pombe. Sharti iive, wanga wake ugeuke sukari, ndipo hamira igeuze sukari hiyo kuwa kileo. Zabibu nayo hufuata kanuni iyo hiyo ya kuiva. Kadiri jua linavyozidi, sukari hupanda na uchachu hushuka. Ukakasi wa ganda na mbegu, uitwao tanini, hulainika. Na ile harufu ya majani mabichi inayosumbua Cabernet Sauvignon isiyoiva hupungua.

Lakini joto lina mpaka wake. Likipungua, mvinyo huwa mwepesi, mchachu na wenye ukakasi wa kukera. Likizidi, sukari hukimbia mbele kabla ganda halijaiva. Mvinyo hupata ukali wa kileo na kukosa uchangamfu. Mkulima hodari hutafuta mahali pa katikati. Hata Bordeaux yenyewe sasa inalitazama jambo hili kwa wasiwasi, kwa kuwa hali ya hewa imebadilika na majira ya kiangazi yamekuwa na joto kuliko ya zamani. Mwaka 2021 mamlaka ya Ufaransa iliruhusu aina sita mpya za mizabibu zijaribiwe katika mashamba ya Bordeaux, kwa kiasi kidogo, ili wakulima wawe na akiba iwapo aina za zamani zitashindwa.

Jina na bei

Mwaka 1855 yalifanyika maonyesho makubwa mjini Paris, na Kaisari Napoleon III alitaka mvinyo wa Bordeaux upangwe kwa madaraja. Madalali wa mvinyo ndio waliopanga orodha, yenye madaraja matano kwa mvinyo mwekundu. Hawakutumia maneno ya sifa. Walitazama bei ambazo kila shamba lilikuwa likipata kwa miaka mingi. Karibu mashamba yote ya mvinyo mwekundu yaliyochaguliwa yalikuwa ya Médoc, na moja tu, Haut-Brion, lilitoka katika Graves. Mvinyo wa shamba hilo ulikuwa ukijulikana kwa jina lake mjini London tangu karne ya 17. Madaraja yale ya mwaka 1855 yangali yanatumika.

Funzo ni kwamba bei nzuri haikuja kwa siku moja. Ilikuja kwa sababu mnunuzi aliweza kusema: "Nataka ule wa mahali fulani," akaupata ule ule mwaka hata mwaka. Kama mvinyo wa changarawe ungemwagwa katika pipa moja na wa bondeni, pasingekuwa na orodha wala jina.

Mfano wa New Zealand uko karibu zaidi na maisha ya mnyonge. Katika jimbo la Hawke's Bay mto Ngaruroro ulifurika mwaka 1867, ukahama njia yake ya zamani. Ulipoondoka, uliacha kitanda kitupu cha changarawe. Kwa zaidi ya miaka 100 ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa maskini kabisa: malisho yake yalikuwa haba, na wengi waliona kwamba faida yake ni kokoto za ujenzi tu. Mwaka 1981 ndipo mizabibu ya kwanza ilipopandwa. Ikaonekana kwamba mawe yaliyodharauliwa yalikuwa na joto na yalipitisha maji, hata aina za Bordeaux zikaiva vema. Baadaye wachimba kokoto walipoitaka ardhi hiyo, wakulima walisimama pamoja kuitetea. Mwaka 2001 waliunda umoja wao, wakaweka mpaka wa ardhi hiyo, hekta 800 hivi, kwa kufuata udongo na si kwa kufuata ramani ya utawala. Jina Gimblett Gravels ni mali ya umoja huo. Mkulima mmoja mmoja asingeweza kufanya hivyo.

Dodoma, mzabibu wa nyumbani

Hapana haja ya kufika ng'ambo ili kuona kanuni hizi. Tanzania ina mizabibu yake katika Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki, hasa wa Bihawana, waliipanda kwa ajili ya divai ya misa, na wakulima wa vijijini wakajifunza. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili. Udongo mwingi wa mashamba ni mwekundu wenye kichanga, unaopitisha maji. Kwa maneno mengine, kazi ambayo changarawe huifanya Bordeaux, huko hufanywa na kichanga pamoja na ukame wenyewe.

Tofauti iko katika majira. Ufaransa ina baridi kali inayoulaza mzabibu kila mwaka, Dodoma haina. Mkulima wa Dodoma huuamsha mzabibu kwa mkasi: akipogoa, mmea huanza upya, naye huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Aina inayojulikana sana kwa mvinyo mwekundu ni ile iliyopewa jina la Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu. Hakuna aliyeilazimisha Dodoma ifanane na Bordeaux. Ilichukuliwa ilivyo, ikatafutiwa mmea na utaratibu wake.

Mkulima wa Dodoma, hata hivyo, ana shida ambayo mwenye kahawa hana. Zabibu ikiiva haingoji. Mnunuzi akichelewa, tunda huoza na jasho la mwaka hupotea. Kahawa iliyokaushwa vema huweza kusubiri ghalani. Uwezo huo wa kusubiri ni baraka. Lakini, kama itakavyoonekana, wakulima wengi huuza kabla hata tunda halijawa tunda.

Ardhi ya Ngara na Biharamulo

Ngara ni nchi ya vilima. Migongo ya vilima hivyo ina mawe magumu meupe, na kati yake yapo mawe laini yaliyooza na kuwa udongo. Juu, udongo ni mwembamba wenye changarawe. Ubavuni huongezeka kina. Bondeni ni mzito wenye mfinyanzi. Nyanda za Bugufi hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Sehemu nyingi za Biharamulo ziko chini kuliko Bugufi, zina joto zaidi, na huko changarawe nyekundu ya moramu huonekana kila barabara inapokatwa.

Kahawa na ushirika si vitu vipya huku. Bugufi ilikuwa na chama cha ushirika cha kahawa tangu miaka ya 1930, miongoni mwa vya mwanzo katika Tanganyika, kabla hata ya Chama Kikuu cha Bukoba kilichoanzishwa mwaka 1950. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mibuni iliendelea kusimama muda wote huo. Udongo haukungoja sheria.

Hapa yafaa wajumbe wawe waangalifu, maana ni rahisi kulichukua somo la mzabibu kinyume. Mtu aweza kusema: "Kama mawe huleta mvinyo mzuri, basi mawe ya Ngara yataleta kahawa nzuri bila taabu." La. Mbuni si mzabibu. Mzabibu hustahimili udongo maskini na mizizi yake huzama mbali. Mbuni hutaka udongo wenye kina kisichopungua mita moja hivi, unaopitisha maji lakini unaobakiza unyevu, wenye uchachu wa kiasi na mboji ya kutosha. Juu ya changarawe tupu mbuni hukauka ncha za matawi, huzaa punje nyepesi, na kiangazi kikirefuka hufa.

Kanuni ya Seguin, hata hivyo, inabaki palepale: tazama maji kwanza. Bordeaux tatizo lilikuwa maji kuzidi, na changarawe ikawa dawa. Katika mabavu ya vilima vya Ngara tatizo ni maji kukimbia, na dawa yake ni matandazo ya nyasi na majani ya migomba, makinga maji yanayokata mteremko, samadi shimoni, na miti ya kivuli. Mkulima anayetandaza nyasi katika shamba la changarawe anafanya kwa mkono wake kazi ya kuupa mmea maji kwa kiasi.

Kwa joto pia mambo yamegeuka. Bordeaux ni nchi ya baridi inayotafuta joto ili tunda liive. Kahawa ya Arabika ni mmea wa nchi ya joto unaotafuta ubaridi ili tunda lisiive kwa haraka. Hupenda wastani wa nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Mtu anapopanda mlima, joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6 kila mita 100; basi shamba lililo mita 300 juu ya jingine hupungukiwa na nyuzi karibu 2. Hizo mbili zatosha kulichelewesha tunda, punje ikajaza na kuwa ngumu, na kikombe kikapata uchachu mzuri na harufu. Robusta ni kinyume chake: hupenda nyuzi 22 hadi 26 na zaidi kidogo, hustawi chini, na ina kafeini nyingi kuliko Arabika. Kuilazimisha Arabika ishuke katika joto, au Robusta ipande katika baridi, ni sawa na kupanda Cabernet Sauvignon katika mfinyanzi wa baridi na kulalamika kwamba haiivi.

Historia ya karibu imeonyesha pia kwamba ardhi hii si ya kuchezewa. Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku mbili hivi, wakikimbia vita. Wenyeji wa Ngara waliwapokea, na jambo hilo litakumbukwa daima. Lakini watu hao walihitaji kuni na miti ya kujengea, na vilima vilivyozunguka kambi za Benaco vikabaki vitupu. Udongo mwembamba ukikosa miti huteremka na mvua. Kinachobaki ni changarawe ambayo haina wa kuilinda. Inchi moja ya udongo iliyoondoka hairudi katika umri wa mtu.

Jambo linaloliwa kabla halijaiva

Sasa yafaa lisemwe jambo linaloumiza. Ardhi, mlima na baridi vikiisha kufanya kazi yao, mambo mawili huweza kuiharibu kazi yote kwa wiki moja.

La kwanza ni butura. Kila mjumbe analijua neno hilo. Mkulima ana mgonjwa, au mtoto anatakiwa shuleni, na nyumbani hamna fedha. Mibuni iko katika maua, au matunda yangali kijani. Anakuja mwenye fedha, anahesabu mibuni, anatoa kiasi kidogo, na mavuno yanakuwa yake. Serikali imekataza biashara hiyo, lakini hufanyika usiku na kwa kunong'ona. Hasara ya mkulima yajulikana: huuza kwa bei ya shida. Hasara ya chama husahaulika. Aliyenunua mavuno mtini hana haja na mbuni wala na jina la kilima. Hukwanyua tawi zima, mbichi kwa mbivu, apate kurudisha fedha yake upesi. Punje changa haijajaza. Ikikaangwa hubaki na weupe, nayo hutia ukakasi na ladha ya majani. Ni ile ile kasoro ya zabibu isiyoiva, imehamia katika kikombe cha kahawa. Mlima ulimaliza miezi minane ukilea tunda, naye akaliondoa mwezi mmoja kabla.

La pili ni kuchanganya. Kahawa ya mkulima aliyechuma mbivu, akaanika juu ya kichanja na kuigeuza kila siku, humiminwa ghalani juu ya kahawa ya aliyechuma mbichi na kuanika chini. Ya mlimani na ya bondeni, ya Arabika na ya Robusta, zikipata nafasi, hukutana katika lundo moja. Mnunuzi huonja lundo, hamwonji mkulima. Hutoa bei ya iliyo mbaya, kwa sababu ndiyo inayosikika mdomoni. Mwaka unaofuata yule mwangalifu hujiuliza kwa nini ajisumbue. Naye huanza kuchuma mbichi. Hivyo chama hufundisha uzembe bila kukusudia, na kwa mizani iliyo sahihi kabisa.

Ndugu wajumbe, hapo ndipo hatari ilipo. Mwizi wa mizani hukamatwa, hufukuzwa, na hesabu hurekebishwa. Lakini mwanachama hodari akikata tamaa, hakuna daftari linaloandika hasara hiyo.

Yanayoweza kufanywa na vyama

Kwanza, kila chama kiijue ardhi yake. Kamati ikitembea na Bwana Shamba au Bibi Shamba inaweza kuandika katika daftari moja vitongoji vilivyo juu, vya kati na vya bondeni. Udongo wenye changarawe na wenye kina. Arabika iko wapi na Robusta iko wapi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Jembe la kuchimba shimo la mita moja latosha kuonyesha mengi.

Pili, aina ya mbuni ifuate ardhi. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Maruku, karibu na Bukoba, ni cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania. Taasisi hiyo imetoa aina bora za Arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na aina za Robusta zinazostahimili mnyauko uliowaumiza wakulima wa Kagera tangu miaka ya 1990. Chama kikianzisha kitalu, kiulize kwanza miche hiyo itakwenda katika urefu gani wa mlima.

Tatu, matunda yachumwe mekundu, kwa raundi, hata kama ni mara tatu au nne. Yakifika nyumbani yatiwe katika maji: mazima huzama, mepesi na yaliyoliwa na wadudu huelea. Ndoo moja ya maji ni mkaguzi asiyekula rushwa. Kisha yaanikwe juu ya vichanja au turubai safi, yageuzwe, yafunikwe mvua inapotishia, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12 au chini kidogo.

Nne, ghala litenge mafungu. Yatosha kuanza na mafungu mawili: lililokaguliwa kuwa bivu na lililobaki, kisha, panapokuwa na kahawa ya kutosha, la mlimani na la bondeni. Kila fungu liwe na stakabadhi yake, liuzwe peke yake, na malipo ya pili yafuate bei yake. Mwanachama aone kwa macho yake kwamba kichanja chake kimemlipa.

Tano, chama kijenge mfuko wa akiba na mikopo kwa miezi ya njaa. Butura haiwezi kuondolewa kwa hotuba, wala kwa amri peke yake; huondolewa na mtu mwenye mahali pengine pa kukopa. Mkopo mdogo wa chama mwezi wa Februari ni dawa ya ladha sawasawa na matandazo, kwa kuwa hulipa tunda nafasi ya kuiva.

Itaulizwa kama mafungu yakitengwa bei itapanda mara moja. Haiwezekani kuahidi hivyo. Bordeaux ilijenga jina kwa karne kadhaa, na wakulima wa Gimblett walingoja miaka 20 tangu mche wa kwanza hadi umoja wao. Kilicho hakika ni kwamba lundo lililochanganywa halitajenga jina hata likikaa miaka 100, maana hakuna atakayelitambua.

Ndugu wanaushirika, wakulima wa nchi zile walipewa changarawe, nao wakaulizana ina kazi gani. Wakulima wa Ngara na Biharamulo wamepewa mlima, baridi ya usiku, mvua ya misimu miwili na udongo unaotaka kutunzwa. Hiyo nayo ni mali. Haijaandikwa katika mizania ya chama chochote, lakini ndiyo inayolipa mishahara ya makarani na ada za watoto. Mvumilivu hula mbivu, walisema wazee. Na katika zao la kahawa maneno hayo hayana fumbo lolote. Yana bei.

Ushirika ni nguvu ya wanyonge.